Biskuti Asife

Rukaiya aling'atwa Alhamisi jioni, na kabla jua la Ijumaa halijapanda vizuri mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: mbwa auawe. Mitaa ya Temeke ndivyo ilivyo. Ukiugua utauguzwa na wawili, ukishtakiwa utahukumiwa na mia. Mshtakiwa mwenyewe alikuwa kijibwa kisichozidi ukubwa wa paka, manyoya magumu kama brashi ya viatu, masikio wima, na ndevu ndefu za kizee zilizomfunika mdomo wote. Jina lake Biskuti. Alikuwa uani, kafungwa kamba ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya bafu, na aliyekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, mwiko wa ugali mkononi, alikuwa Sekela.

"Kala?" Bi Mwajabu aliuliza kutoka mlango wa uani. Hakusogea zaidi ya hapo.

"Shikamoo bibi. Bado."

"Marahaba. Na maji je?"

"Anayanusa, anayaacha."

Bi Mwajabu akavuta ukaya wake, akarudi ndani. Yeye ndiye mwenye nyumba, mjane, Mzaramo wa hapohapo. Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, na mumewe Wilbert walipanga kwake vyumba viwili vya nyuma. Rukaiya alikuwa mjukuu wake wa pekee, miaka sita, mama yake kafariki akimnyonyesha. Ukimgusa Rukaiya umemgusa Bi Mwajabu mboni ya jicho, na sasa mboni hiyo ilikuwa na matundu mawili kwenye kiganja, yamefungwa bandeji.

Asubuhi ileile Bi Mwajabu na Sekela walimpeleka mtoto hospitali. Muuguzi alikitazama kidonda, akauliza kama kilioshwa kwa sabuni. Sekela akasema alikiosha papo hapo. Ndipo muuguzi alipotoa maneno ambayo Sekela alirudi nayo nyumbani kayashika kama mtu aliyebeba yai.

"Sindano za kichaa cha mbwa hatuna. Zipo maduka ya dawa ya mjini, kwa wenye uwezo. Lakini mbwa si yupo? Mfungeni, mlisheni, mtazameni siku kumi. Zikipita akiwa mzima, mtoto hana neno, hata sindano hahitaji. Ila nisikilizeni vizuri, mama zangu. Msimwue. Mkimwua mmejifumba macho wenyewe. Ugonjwa huu unaweza kujificha miezi, hata mwaka, na ukishajitokeza kwa mtu hauna dawa. Mnangoja kuzika."

Basi kazi ikawa hiyo moja: Biskuti asife. Nendeni mkauelezee mtaa jambo kama hilo. Mbwa kang'ata mtoto wa watu, halafu alishwe nyama? Mwezi uliopita tu fundi baiskeli wa mtaa wa pili alizikwa kwa kuumwa na mbwa koko. Watu walikuwa bado wanakumbuka alivyokuwa akilia kwa kiu na kuikimbia kata ya maji. Vijana walipita kwenye uchochoro wakigonga mabati ya uani kwa fimbo. "Mama Biskuti," waliita, "mtoe mwanao."

Jina hilo walimpa zamani. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto, kisha ukawa unachana mbwa ndevu kwa kitana kila asubuhi, utaitwa nini tena? Mzungu ambaye Sekela alikuwa akimpikia Oysterbay, mradi wake ulipokwisha, alipanda ndege akamwachia kijibwa na kitana chake. "Teria," alisema, "mbwa wa panya." Wilbert alicheka siku ile, cheko la uchungu. "Umempikia miaka saba, kiinua mgongo chako ni mbwa." Lakini Biskuti alifanya kazi. Bi Mwajabu, ambaye chombo kikilambwa na mbwa hukiosha mara saba, moja kwa udongo, alimkubali kwa sharti asivuke mfereji wa uani, na panya buku walipokwisha kwenye stoo ya unga alimsifu kwa sauti: "Mbwa ni mbwa, lakini huyu ana kazi kuliko wanaume wengine." Aliyasema Wilbert akiwa amekaa barazani, miezi minane tangu apunguzwe kwenye shirika lililouzwa. Wilbert aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za viatu.

*

Jumamosi Biskuti alizidi. Udenda ulimtoka kamba kamba ukaganda kwenye ndevu. Macho yalikuwa mekundu, na alijibana kwenye kona ya giza, akinguruma hata kwa Sekela. Nyama ya kusaga ambayo Sekela aliinunua kwa pesa za mkaa ililiwa na nzi.

Vijana hawakugonga mabati safari hii. Waliingia, watano, mbele yao Jabiri mwenye kibanda cha kukodisha kanda za video, rungu begani.

"Shikamoo Bi Mwajabu. Sie tumekuja kwa heshima. Tuacheni tumalize ishu hii."

"Marahaba," Bi Mwajabu aliitikia.

"Mumalize nini?" Sekela alisimama mbele ya kibanda. "Muuguzi kasema asiuawe. Bibi alikuwepo, kasikia kwa masikio yake."

"Sista, mtazame huyo mbwa. Huo si udenda? Au unataka azikwe mtoto ndo uamini?"

Sekela alimgeukia mumewe. Wilbert alikuwa kwenye kizingiti cha chumba chao, mikono mfukoni. Sekela alitegemea neno moja tu kutoka kwake, na neno lilikuja.

"Waache wamwue," Wilbert alisema. "Tumechoka na maneno ya watu."

Hapo Sekela aliumia. Si kwa maneno yenyewe, maana mtaa mzima uliyasema, bali kwa haraka aliyoyasema nayo. Wilbert si mtu wa haraka. Wilbert akiulizwa kama chai ina sukari hufikiri kwanza.

Aliyewazuia vijana ni Bi Mwajabu. "Hapa kwangu hakuna atakayeua kitu bila ruhusa yangu," alisema, na wakatoka nje kusubiri. Kisha akamwambia Sekela, polepole, kama anayemwomba radhi: "Lakini mie siku kumi siziwezi, mwanangu. Udenda ule nauota. Naenda Keko kukiuza kitanda cha marehemu. Nikipata cha sindano nanunua leo hii. Baada ya hapo mbwa wako mfanyeni mtakavyo."

Kile kitanda kilikuwa cha mninga, matendegu yamechongwa, na hapakuwa na harusi wala msiba wa ukoo ule ambao hakikuushuhudia. Kilifunguliwa vipandevipande, kikalazwa juu ya mkokoteni. Bi Mwajabu akajitanda baibui, akafuata nyuma kwa miguu, macho mbele, asimtazame jirani yeyote.

*

Sekela alibaki na mbwa wake na hofu yake. Alimwogopa, tuseme kweli. Tangu Alhamisi hakuwa amemgusa, alimsukumia chakula kwa mwiko. Lakini sasa, kitanda cha watu kimeshaondoka kwa sababu ya mbwa wake, woga aliuona ni anasa. Alijizungushia kanga mbili mkononi hadi kiwikoni, akaingia kibandani akipiga magoti, akamshika ukosi.

Biskuti alinguruma, kisha akaacha. Alilegea mkononi mwa Sekela akitetemeka.

Anayefuga mbwa wa aina ile anajua kwamba ndevu zake ni taabu. Kila anachokula kinabaki humo, usipomchana zinanuka na kumtoa vidonda. Sekela alimchana kila asubuhi, ila tangu Alhamisi nani angethubutu? Alichukua kitambaa na maji ya vuguvugu, akaanza kulainisha yale mabonge. Kitana kikashuka na punje za ugali mkavu. Kikashuka tena na vitu vyeupe bapa, vidogo. Alivitoa akavitazama kwenye mwanga. Mbegu za pilipili. Akachana tena, zikaja nyingi, na katikati yake mabawa membamba ya rangi ya kahawia, na kiuno cha nyigu kimevunjika.

Alimfungua mdomo. Ufizi ulikuwa umechubuka, mwekundu kama nyama ya buchani, na ulimi umevimba upande mmoja.

Sekela alikaa chini kwenye vumbi. Halafu akainuka, akachota maziwa kidogo kwenye kifuu, yaliyopoa, akamsogezea. Biskuti alinusa. Akaweka ulimi, akautoa, akalia kidogo. Akaweka tena. Akalamba, akipumzika na kulamba, mpaka kifuu kikabaki nusu. Sekela alilia, na alilia kwa furaha, maana fundi baiskeli hakuweza kumeza hata mate.

Alimkuta Wilbert kitandani, kavaa viatu, anatazama dari.

"Nyigu nani kampa?"

Wilbert hakuuliza nyigu gani. Hilo peke yake lilitosha.

"Didas alinambia," alisema. Didas alikuwa rafiki yake, mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi kati ya zile zilizoota kama uyoga enzi ile ya ruksa ya biashara huria. "Mbwa wote wa ulinzi wanapewa. Unasaga nyigu na pilipili mbuzi, unachanganya kwenye ugali. Siku tatu anakuwa mkali."

"Awe mkali ili iwe nini?"

"Kuna mtu Kibamba ana mabanda ya kuku. Alikuwa anataka kununua mbwa wa kizungu. Nikampeleka Biskuti, ile Jumapili nilipokwambia nakwenda kwa shemeji. Akaanza kucheka. Kawaita wafanyakazi wake waje wacheke. 'Mzee, huyu atamlinda nani? Huyu na yeye analindwa.'" Wilbert alifunga macho. "Nilitaka nirudi naye Kibamba akiwa mkali, Alhamisi mchana nikampa bonge la kwanza. Nilitaka niingie humu ndani na mimi nimeleta kitu."

"Rukaiya alikuwa anampa andazi, Wilbert. Alikuwa anampa andazi lake."

"Najua."

"Na asubuhi umesema wamwue."

"Akifa si basi? Nani angejua? Nilidhani watoto wanapona tu." Akainuka, akamshika mkono. "Sekela, usinitie aibu. Nikijulikana nitauweka wapi uso wangu? Bibi atatutoa leo hii. Tutakwenda wapi sie?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema, ila hawakusema kama kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtoto wa mwingine. Sekela alimkasirikia mumewe, na alimhurumia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Angeweza kumwacha abaki na siri yake. Lakini Keko kulikuwa na bibi mzima amesimama juani anauza alikolala na mumewe.

"Nakwenda kumwahi kabla hajauza," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Nitajua nikifika. Wewe kaa na Biskuti. Kabakiza nusu ya maziwa, mpe yaliyobaki. Usimfungulie mtu yeyote mlango wa uani. Umenisikia?"

"Nenda," Wilbert alisema, na akaanza kuvua viatu kama mtu anayekaa kweli. "Nitakaa naye."

*

Keko mafundi wamepanga vitanda na makabati kando ya barabara, na vanishi inanuka toka mbali. Sekela alimwona Bi Mwajabu kabla hajamfikia. Alikuwa amesimama pembeni ya mkokoteni, na fundi mmoja kijana, penseli sikioni, ameshika tendegu la kitanda chake analigeuza geuza.

"Mama, mtindo huu umepitwa. Watu sasa wanataka vitanda vyenye droo na kioo. Hiki mie nitakipasua tu nitoe mbao. Halafu hapa, ona, wadudu."

"Hao si wadudu, hilo ni tundu la msumari wa chandarua," Bi Mwajabu alisema taratibu. "Nilipigilia mwenyewe."

"Haya. Lakini bei ndo hiyohiyo, nusu ya uliyotaja."

"Bibi, usiuze," Sekela alisema, pumzi juu.

Bi Mwajabu aligeuka. Uso ulimshuka, akashika ubao wa mkokoteni. "Mtoto kafanya nini?"

"Mtoto mzima. Bibi, mbwa hana kichaa. Kanywa maziwa mbele yangu, nusu kifuu. Kalishwa pilipili na nyigu, mdomo wote umechubuka, ndio maana hali, ndio maana udenda. Nimezitoa mbegu kwenye ndevu zake kwa mkono wangu." Alifungua pindo la kanga. Mbegu zilikuwa humo, na yale mabawa.

Bi Mwajabu alizitazama bila kuzigusa. Alitazama sana.

"Kalishwa na nani?"

Fundi alikuwa anasikiliza. Msukuma mkokoteni pia. Sekela alijua kwamba neno likishatoka hapa halirudi, litatangulia kufika Temeke kabla yao.

"Na mume wangu," alisema.

Alitegemea kofi, au tusi, au kuambiwa akakusanye vyombo vyake. Bi Mwajabu alishika shavu kwa kiganja, midomo ikicheza kwa dua. Kisha akamwambia fundi: "Nipe tendegu langu, baba." Na alipolipokea akalifuta vumbi kwa baibui yake.

Njiani Bi Mwajabu hakumtaja Wilbert hata mara moja. Aliuliza habari za mbwa tu. Kanywa yote? Alisimama mwenyewe? Uji atauweza? "Nitamkorogea uji wa mchele," alisema walipokaribia mtaa wao, "laini, bila chumvi. Chombo nitakiosha, udongo upo. Siku kumi si nyingi. Saba tu zimebaki, inshallah." Sekela hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo tangu ahamie Dar es Salaam. Alicheka, na yule mama mzima akacheka pia kidogo, mkono umeshika kitanda chake kisianguke.

*

Moshi ulikuwa unatoka jalalani, nyuma ya uchochoro. Sekela aliuona, akasema moyoni watu wanachoma taka. Halafu ikamjia harufu ya manyoya.

Alikimbia. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kibandani kulikuwa na kamba imekatwa, na kifuu cha maziwa kiko palepale kimejaa nusu. Wilbert alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mkewe.

"Walirudi," alisema. "Jabiri na wenzake. Wengi zaidi."

"Walivunja mlango?"

Aliyejibu ni Tabu, jirani wa chumba cha mbele, aliyekuwa anaanua nguo, na alijibu bila ubaya, kama mtu anayeeleza tu yaliyotokea. "Hawakuvunja. Walimwambia mumeo hapa, 'Kumbe na wewe ni mume wa Mama Biskuti kweli, umekaa unalinda kijibwa,' wakaanza kucheka. Akawafungulia mwenyewe. Kamba kaikata yeye."

"Walicheka, Sekela," Wilbert alisema. "Kama yule wa Kibamba. Ningesimama pale mlangoni niwaambie nini? Ningewaambia nilimlisha nyigu?"

"Ndiyo," Sekela alisema. "Ungewaambia."

Alitoka mpaka jalalani. Walikwishamwagia mafuta ya taa, hapakuwa na cha kuchukua. Vijana walisimama pembeni, wamelegea, kama watu waliomaliza kazi ya wema. Jabiri alimwambia pole, na alimaanisha. Sekela aliukunja mkono wake, uliokuwa bado unanuka maziwa, akarudi.

Mkokoteni ulikuwa umefika mbele ya nyumba. Bi Mwajabu alikuwa ameshaambiwa. Ilionekana kwa alivyosimama. Rukaiya alikuwa amemshika baibui, kiganja chenye bandeji kimeelekezwa juu ili kisigonge kitu, naye bibi yake anampapasa kichwa, anampapasa, hamtazami.

"Bibi," Sekela alisema, "alikunywa maziwa. Mwenye kichaa hawezi kunywa. Haki ya Mungu alikunywa."

"Nimekusikia Keko na ninakuamini," Bi Mwajabu alisema. "Lakini kulamba maziwa mara moja si siku kumi. Nikuulize wewe, maana ndiye unayemjua. Mjukuu wangu ni mzima?"

Sekela alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kusema lolote maishani mwake.

"Sijui, bibi."

"Basi na mie sijui. Na ambaye angetujulisha ndiye huyo anayenuka jalalani."

Msukuma mkokoteni alikohoa, akauliza kama ashushe mzigo.

"Geuza," Bi Mwajabu alisema. "Tunarudi Keko. Na safari hii yule kijana akituona atajua kwamba nina shida, atanipa nusu ya ile nusu yake. Zitatosha sindano za kuanzia tu. Zilizobaki Mungu anajua."

Wilbert alikuwa ametoka nje. Alisimama kando, mikono haijui pa kukaa. "Nipe nisukume mie, bibi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sukuma."

Wilbert akainama, akashika mikono ya mkokoteni. Watu walikuwa wametoka kwenye vibaraza, na habari za nyigu zilikuwa zimeshafika, kama Sekela alivyojua zingefika. Hakuna aliyecheka.

"Bibi," Sekela alisema, "vyumba tutaviachia. Nitafunga vyombo leoleo."

Bi Mwajabu alimtazama, kisha akamtazama mumewe, na hakuwa na hasira usoni, hilo ndilo lililomwogopesha Sekela.

"Nani kawafukuza?" alisema. "Hamhami. Mtakaa humuhumu. Kila asubuhi mtaamka kabla ya mtoto, mtasimama na mie mlangoni pake, mumtazame akiomba maji. Akinywa, mtakwenda kwenye shughuli zenu. Kesho yake tena. Mpaka mwaka uishe."

Akamkabidhi Sekela mkono wa Rukaiya, ule mzima, akajitanda baibui, akaufuata mkokoteni.